Mwanangu amehifadhi kitabu kizima, kusoma hajui. Vitabu vya picha niviondoe?

Swali

Asalaam aleikum Bi Mwalimu,

Natumai u mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni, hapa Lamu. Anayeninyima usingizi ni wa kati, mvulana wa miaka saba, yuko Gredi ya 2.

Mwaka jana dada yangu aliyeolewa Mombasa alituletea mkoba wa vitabu vya watoto vyenye picha, vingine vya Kiswahili, vingine vya Kiingereza. Mtoto alivipenda mno. Kila usiku baada ya isha tunakaa, mimi nasoma vile vya Kiswahili, yeye anageuza kurasa. Baada ya muda akawa anasoma mwenyewe, na hata pale ninapovuta sauti, naye anavuta. Nikamshukuru Mungu. Baba yake akirudi baharini humweka mbele ya wageni asome, na wageni humsifu.

Muhula huu mwalimu wake akaniita, akanambia mtoto hajui kusoma. Nikabisha. Mwalimu hakusema kitu, akaandika ubaoni sentensi iliyomo kwenye kitabu anachokipenda kuliko vyote: "Punda amechoka." Mtoto akatazama ubao, akatazama dirisha, akasema, "Mbuzi anakula." Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Usiku ule nikajaribu mwenyewe. Nikaziba picha kwa mkono, akanyamaza. Nikaondoa mkono, akasoma ukurasa wote bila kosa.

Sasa mwalimu anataka vitabu vya picha nivifungie kabatini, nimkalishe na ba, be, bi, bo, bu mpaka ashike. Mavyaa, mama wa mume wangu, anasema vivyo hivyo, kwamba picha zimemfunza uvivu, mbona chuoni, madrasa, anasoma vizuri na hakuna picha hata moja. Na kweli chuoni anasifiwa, yuko juzuu amma, ile ya mwisho ya Kurani. Dada yangu naye asema nisiviguse, mtoto atajua kusoma mwenyewe wakati wake ukifika.

Kuna jingine. Maneno huyasema tunavyozungumza nyumbani. Kumeandikwa "maji", yeye "mai". Kumeandikwa "macho", yeye "mato". Sijui nimkosoe au nimwache. Mimi mwenyewe niliachia darasa la sita, nasoma polepole, na Kiingereza ndiyo sikijui kabisa. Naogopa nimemharibu kwa mikono yangu. Vitabu hivi nivigawe?

Mama wa Langoni

Jibu

Waaleikum salaam, mwanangu.

Usivigawe na usivifungie. Wala hukumharibu. Mtoto wa miaka saba anayekaa kila usiku na kitabu, anayejua kinafunguliwa wapi, hadithi inaanzaje na inaishaje, na pa kuvuta sauti ni wapi, ana mtaji ambao wenzake wengi wa Gredi ya 2 hawana. Mtaji huo umetoka kwako.

Lakini mwalimu wake amesema kweli, nawe usimnunie. Mtoto bado hasomi. Anaona picha, picha inamkumbusha sentensi, ulimi unaitoa. Herufi ziko pale chini ya ukurasa na macho yake hayazipitii. Ulipoziba picha kwa mkono ulifanya kipimo ambacho hata mimi ningekifanya, na jibu ulilipata papo hapo.

Mavyaa wako amegusa jambo kubwa alipotaja chuo, ingawa sikubaliani naye kwamba huu ni uvivu. Mtoto wa Lamu analelewa katika kuhifadhi. Sura anazishika kwa sikio, kasida anazishika kwa sikio, Maulidi ikifika anaimba na wakubwa beti ndefu ambazo hajawahi kuziona zimeandikwa. Mwanao amekichukua kitabu cha dada yako kwa njia ile ile aliyofunzwa tangu mdogo, na amekichukua vizuri. Hicho ni kipaji. Ila nakuomba umuulize maalim wake wa chuoni kwa upole: akimwekea kidole katikati ya ukurasa, kwenye neno asilolitarajia, analisoma, au anarudi mwanzo wa sura ili alifikie? Akilisoma, basi kuunganisha herufi na irabu anakujua tayari, na kazi yetu ni kumwonyesha kwamba herufi hizi za shule nazo zinaunganishwa. Akirudi mwanzo, huko nako anahifadhi, na ni vyema maalim ajue mapema.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka suala la kusoma katika hesabu fupi: kufungua maandishi, mara kuelewa lugha. Waliweka kuzidisha, hawakuweka kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa vipi. Mwanao ana lugha tele, na maandishi karibu na sifuri. Ukivifungia vitabu na kumbakisha na silabi tupu, huenda ukapata mtoto wa aina nyingine ninayemjua pia: anakusomea "ka-ma-ta", ukimuuliza amesoma nini anakukodolea macho. Mwalimu ameshika nusu ya hesabu, wewe umeshika nusu ya pili. Dada yako ndiye sikubaliani naye kabisa. Kusema huja kwenyewe, kusoma hakuji kwenyewe. Kuna watoto wachache wanaoibia wakajua, wengi lazima waonyeshwe herufi kwa herufi, na kuwasubiri ni kuwapotezea miaka.

Kwa hiyo vitabu vibaki, lakini usiku wenu ubadilike.

Picha ina kazi yake, nayo ni kumfungua mtoto mdomo. Kabla hujasoma hata neno moja, ufungue ukurasa mzungumze. Usimuulize "Hiki ni nini?" peke yake, maana atajibu neno moja mkwame hapo. Muulize kwa nini punda ameinamisha kichwa, nani aliyempakia mizigo ile, na yeye angekuwa mwenye punda angefanya nini. Akijibu kwa neno moja, lirefushe umrudishie: akisema "mawe", wewe sema "naam, amebebeshwa mawe ya kujengea, na ndia ni nyembamba." Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, huko Marekani, waliwafunza wazazi kuuliza na kurefusha namna hii wanapowasomea watoto wadogo. Kwa muda wa mwezi mmoja watoto wale waliwapita kwa lugha wenzao waliokuwa wakisomewa kama kawaida. Na haihitaji kisomo kikubwa. Inahitaji subira ya kungoja jibu.

Hapa baba yake ana nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Kwenye vitabu vile hapakosi picha ya chombo. Kitabu kitaandika "mashua" kiishie hapo. Baba yake ataonyesha omo, tezi, tanga, foromali, aeleze upepo ukigeuka wanafanya nini. Maneno hayo mtoto ayapate nyumbani, kwa sababu neno ambalo hajawahi kulisikia, hata akilitamka sawasawa kutoka kwenye maandishi, halimwambii kitu. Ila kumsomesha mbele ya wageni kusimamishwe kwa sasa. Akiona watu wanangoja atatoa kile kinachosifiwa, nacho ni kumbukumbu. Baba akitaka kumtukuza mbele ya watu, amwambie aisimulie hadithi, na hilo analiweza kwa haki.

Mkimaliza kuzungumza, funika picha kwa karatasi. Sasa ni zamu ya maandishi. Mpe kijiti kama kile wanachofuatia chuoni, na umwonyeshe jambo ambalo huenda hakuna aliyewahi kumwambia: hapa tunaanza kushoto tunakwenda kulia. Katika msahafu anaanza kulia, na kitabu chenyewe kinafunguliwa upande wa pili. Mtoto anayeishi na maandishi mawili huzizoea njia zote mbili bila taabu, mradi aambiwe. Asipoambiwa, kuna anayeanza neno kwa mkia.

Kisha soma wewe, yeye aguse. Sheria ni moja: sauti isiupite mkono. Nakwambia kitakachotokea mara ya kwanza ili usikate tamaa. Sentensi ni "Punda amechoka." Atasema "pu" akagusa neno la kwanza, atasema "nda" akagusa la pili, kisha "amechoka" iko mdomoni na maandishi yamemwishia. Atakutazama. Usimcheke. Pale ndipo anapogundua kwa mara ya kwanza kwamba alichokihifadhi na kilichoandikwa lazima vilingane. Rudieni polepole: "Punda" yote ni neno hili moja, lina vipande viwili, pu na nda. "Amechoka" ni hili refu, lina vipande vinne. Mkishalisoma, ndipo aondoe karatasi aitazame picha. Picha iwe shahidi wa kuthibitisha alichokwisha kusoma, isiwe ya kumnong'oneza jibu.

Nalisisitiza hili kwa sababu hata walimu wengine huwaambia watoto, "Neno likikushinda, tazama picha ubahatishe." Kwa miaka mingi shule nyingi za Marekani zilifundisha hivyo, na sasa majimbo kadhaa huko yameipiga marufuku njia hiyo kwa sheria, kwa kuwa inawazoesha watoto kuyakwepa maandishi. Kwetu ndiyo haina haja hata kidogo. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake ile ile, na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Mtoto akishika irabu na konsonanti anaweza kulifungua neno ambalo hajaliona maishani. Abahatishe kwa nini?

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya vipande vya karatasi. Chukua sentensi mbili zile zile zilizokutia haya shuleni, uziandike kwa maandishi makubwa, kisha ukate neno neno: Punda. Amechoka. Mbuzi. Anakula. Vichanganye, umwambie apange. Vitatoka "Punda anakula" na "Mbuzi amechoka", sentensi ambazo hazimo kitabuni, kwa hiyo kumbukumbu haina la kumsaidia. Ni lazima azitazame herufi. Ongeza jina lake, ongeza Baba, ongeza jina la paka wenu, naye atacheka akipata "Baba amechoka." Kwa kuanzia bakia na watu na wanyama, kwani ukileta mti au kiti kitenzi nacho hubadilika, na hilo lina siku yake.

Akizoea maneno, kata tena silabi silabi. Watoto wetu wana mchezo wa kinyume, kuzungumza kwa kugeuza silabi ili wakubwa wasielewe: paka anakuwa "kapa", punda anakuwa "ndapu". Kama anaujua, uchezeni kwa vile vipande. Mtoto anayeweza kuligeuza neno kwa sikio ameshajua kwamba neno lina viungo, na kilichobaki ni kumwonyesha kila kiungo kinavyoandikwa. Hapo ndipo ba, be, bi, bo, bu ya mwalimu inapopata maana, nayo mfanye kila siku dakika chache. Pale penye mb, nd, ng, ny, ng' nenda taratibu, ndipo watoto wengi hukwama. Na m peke yake ina mambo yake: "mbuzi" inaanza na mbu, lakini "mti" inaanza na m iliyosimama yenyewe.

Sasa mai na mato. Usimwambie amekosea. Akiona "maji" akasema "mai", ameelewa, na alichosema ni Kiswahili cha kwao. Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kimeandikwa tenzi na mashairi kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya vitabu hivi vya shule, na sitaki mtoto yeyote wa Lamu aone haya kwa sababu ya ulimi wa mamake. Lakini asiachwe hapo, kwa sababu huenda ameiona picha ya mtungi tu. Mjibu, "Naam, ni mai. Hapa kumeandikwa ma-ji. Nionyeshe ji." Aitafute kwa kijiti. Halafu chukueni karatasi mpige mstari katikati, upande mmoja tunavyosema, upande wa pili kinavyoandikwa: mai na maji, moya na moja, ndia na njia, ndaa na njaa, mato na macho, mtanga na mchanga. Baada ya maneno machache ataanza kukutangulia, kwa sababu atakuwa ameona penye ch kitabuni mara nyingi nyumbani pana t. Mtoto anayeligundua hilo anatazama herufi kwa makini kuliko mwenzake anayezungumza kama kitabu.

Vitabu vya Kiingereza usivisome kwa sasa, na usione haya kutovisoma. Tahajia ya Kiingereza haina utulivu wa Kiswahili, herufi moja ina sauti kadhaa, na mtoto ambaye bado hajaamini kwamba herufi zinasema kweli atachanganyikiwa. Hiyo mwachie mwalimu darasani. Lakini picha zake ni zenu. Mtoto aitazame picha akwambie kinachotokea, wewe uandike maneno yake yale yale kwenye ukanda wa karatasi, ubandike kwa gundi juu ya yale ya Kiingereza. Akisema "Punda kaangusha mawe mtoto kakimbia", andika hivyo. Kesho yake aisome, picha imefunikwa. Ni sentensi yake, kwa hiyo anaielewa, na ni maandishi mapya, kwa hiyo lazima ayafuate.

Vitabu zaidi vipo bila gharama. African Storybook, tovuti iliyoanza 2014, ina hadithi za picha za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, unazisoma kwa simu, na ruhusa yake inakubali uzichapishe na hata uyabadilishe maneno. Pale Ngomeni kuna maktaba, pitia uulize vya watoto. Na vitabu vya Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, vilivyoanza kugawiwa shule za umma 2015, vimepangwa sauti kwa sauti. Rudi kwa mwalimu wake, umuulize wiki hii wako kwenye sauti gani. Akikwambia ni nda na mba, usiku mtafute kwenye kitabu cha punda kila palipo na nda na mba. Mweleze pia unachofanya nyumbani. Mwalimu aliyejisumbua kumwita mzazi na kumwonyesha ubaoni ni wa kushikamana naye.

Robo saa inatosha kwa usiku. Mwache kungali na hamu. Muhula mzima ukipita na bado herufi anazosoma leo kesho hazijui, apimwe macho na masikio hospitali, kisha umwombe mwalimu akuelekeze kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Sioni dalili hiyo katika uliyoniandikia, ila ni vizuri ujue pa kwenda.

Limebaki lile la kwamba wewe unasoma polepole. Kwa kazi hii mwendo wako ndio unaofaa, kwa sababu anayesoma haraka kijiti cha mtoto hakimfuati. Mchana, watoto wakiwa shule, usome ukurasa wa usiku huo peke yako mara mbili ili usikwame mbele yake. Mahali utakapokwama bado, kata neno silabi silabi kwa sauti na yeye akisikia, aone mtu mzima anavyofanya neno likimshinda. Na inshallah itakuja siku atakusahihisha. Mwambie ahsante, kisha uisome tena ile sentensi kama alivyokwambia.

Bi Mwalimu